Uliona, au Uliambiwa?

Katika ripoti ya utafiti niliyoandika nikiwa mwaka wa tatu chuoni kuna sentensi moja ya uongo, na aliyeutunga uongo huo ni mimi. Sentensi inasema kwamba mzee mmoja wa Suji, niliyemhoji nyumbani kwake, "alishiriki maandamano ya Mbiru hadi Same mwaka 1945." Hakushiriki. Mwaka huo alikuwa mtoto wa miaka saba hivi. Cha ajabu ni kwamba mzee hakunidanganya hata kidogo. Nilimsikia vizuri, nikaandika alichosema, na bado nikatoka na uongo.

Mzee huyo ni mdogo wake babu yangu mzaa baba, kwa hiyo na yeye ni babu. Nilipanda kwake nikitokea Makanya kwa bodaboda, nikiwa na daftari jipya na simu ya kurekodia ambayo chaji iliisha kabla hata chai haijaletwa. "Tulishuka Same," aliniambia. "Tulishuka wengi sana. Tukalala huko, tukakataa kurudi." Nikaandika: alishuka, alilala, alikataa. Kuigeuza "tu" kuwa "a" kulinichukua nusu dakika, na hapo ndipo kosa lilipoingia.

Kwa wazee wetu "sisi" ni neno pana. Mzee wa Kipare anaweza kukwambia "tulitoka Taita," na hakuna anayedhani alikuwepo siku ya kuhama. Anausemea ukoo. Nililijua hilo tangu utotoni. Lakini siku ile nilikuwa mwanafunzi mwenye njaa ya kupata shahidi, na mwenye njaa hachagui. Nilitaka mtu aliyekuwepo, basi nikamweka.

Kwa msomaji asiyeijua Mbiru, nieleze kidogo. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Waingereza pamoja na machifu wa Upare walileta kodi iliyopangwa kulingana na mali ya mtu, wakaipa jina la ushuru wa zamani uliokuwa ukitolewa kwa watawala: mbiru. Watu wakakataa. Nani atakagua mali ya mwenzake, na kwa kipimo gani? Januari 1945 maelfu walishuka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Baadaye wanawake wa Usangi nao wakaingia kwenye mgogoro ule. Mwishowe kodi ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria na Mpare mwenyewe, aliandika kijitabu juu ya upinzani huo mwaka 1971.

Nilipopeleka rasimu, msimamizi wangu alilizungushia jina la babu duara la wino mwekundu, akaandika pembeni: "Hiki si chanzo. Tafuta kitabu." Niliumia, lakini sikubishana. Nilichofanya ni kuiacha sentensi ileile kama ilivyo, nikaifuta alama ya mahojiano na kubandika pale Kimambo 1971. Namba ya ukurasa niliitoa kwenye desa la mwanafunzi aliyenitangulia. Kijitabu chenyewe nilikuwa sijakishika mkononi. Msimamizi akaridhika. Alama zikaja nzuri tu.

Angalia nilivyofanya mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Nilimwamini mzee bila kumuuliza, halafu nikakiamini kitabu bila kukisoma. Na kitabu ambacho hakimtaji babu yangu popote nikakifanya kiape kwamba babu yangu alikuwepo.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa tayari mwandishi wa habari, nilipanda tena Suji na nakala ya ile ripoti. Nilidhani namletea babu zawadi. Nikamsomea ukurasa wake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Mimi? Same? Bwana wee, mimi nilikuwa nachunga mbuzi."

Nikamwambia, lakini babu, si ulisema tulishuka?

"Tulishuka, ndiyo. Kaka yangu alishuka. Sasa wewe mbona hukuniuliza?"

Nikajibu kile ambacho kijana yeyote aliyelelewa vizuri angejibu: niliona ni kukosa adabu kumuuliza mzee kama kweli alikuwepo. Hapo akaacha kucheka. Akaniambia kwamba amekaa kwenye kesi za mashamba zisizo na idadi, na kila shahidi aliyesimama pale aliulizwa swali moja kabla ya mengine yote: uliona, au uliambiwa? Waliulizwa wazee waliomzidi umri. Hakuna aliyeona ametukanwa. "Asiyeulizwa," akasema, "ni yule ambaye neno lake halina kazi."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu, kwa sababu yanakata moja kwa moja katika swali ambalo vyuo vyetu havilisemi waziwazi. Tunafundishwa kutafuta "vyanzo vya kuaminika" kana kwamba ni suala la ufundi tu: jarida hili zuri, tovuti ile mbaya, kitabu hiki kimepitwa. Lakini mwanafunzi wa Kitanzania anapokaa mbele ya mzee, au mbele ya kitabu cha profesa, kinachomzuia kuuliza mara nyingi ni malezi. Amefundishwa kwamba penye wazee haliharibiki neno. Amesikia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kuhakiki kunafanana na kumwambia mtu mzima "sikuamini." Je, ni hivyo kweli? Kumhakiki mtu ni kumvunjia heshima?

Nadhani babu alikuwa na jibu, na jibu lake lina mizizi huku huku. Tanzania nzima inatutania Wapare kwamba mtu wetu atauza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Utani una ukweli wake, na sioni aibu nao. Mtu aliyezoea kesi amezoea ushahidi. Shamba likigombewa, watu wanakwenda kutazama masale yaliyopandwa mpakani, wanauliza nani aliyapanda, nani alikuwepo, na huyo anayesema hivyo shamba lake liko upande gani. Swali hili la mwisho ni zito kuliko yote, na ndilo tunalolisahau maktabani. Shahidi anaweza kuwa mkweli na bado akawa na shamba linalopakana.

Tuchukue vitabu vya kwetu. Waadventista Wasabato kutoka Ujerumani walifika Upare mwaka 1903, wakaanzia Giti, na Suji ikawa mojawapo ya vituo vyao vikubwa. Mmisionari wao mmoja, Ernst Kotz, alichapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909, na mwaka 1922 akatoa kitabu kuhusu mila za Wapare kiitwacho Im Banne der Furcht. Jina hilo la Kijerumani maana yake ni kuwa chini ya kifungo cha hofu. Mwanafunzi anayeandika juu ya mila zetu za zamani hawezi kumruka Kotz. Aliishi milimani huku, lugha aliijua kiasi cha kuiandikia sarufi, na aliona mambo ambayo leo hakuna aliye hai aliyeyaona. Lakini jina la kitabu limekwisha kukwambia shamba lake liko upande gani. Alikuja kuwatoa watu katika kile alichokiona kuwa ni hofu. Akikueleza kilichofanyika katika tambiko, msikilize kwa makini. Akikueleza waliofanya walikuwa wanahisi nini mioyoni, simama kwanza ujiulize alijuaje. Kitabu kimoja, mwandishi mmoja, na uzito wa maneno yake unabadilika kutoka sentensi hadi sentensi. Kumweka Kotz kwenye fungu la "anaaminika" au "haaminiki" ni kujikwepesha kazi ya kumsoma.

Na Kimambo je? Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1969 juu ya historia ya siasa ya Wapare kimejengwa kwa masimulizi aliyoyakusanya kwa wazee wa milima hii. Huu ulikuwa wakati ambapo wasomi wengi walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia. Mbelgiji Jan Vansina alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1961, kwamba masimulizi ya mdomo yanaweza kuwa chanzo cha historia ikiwa yatahojiwa kwa taratibu: nani anasimulia, alipokea kwa nani, ana faida gani, na wengine wanasimuliaje. Kwa hiyo tazama kichekesho kilichonipata. Msimamizi wangu alimkataa mzee wa Suji akanituma kwa Kimambo, na Kimambo alikuwa amekwenda kwa wazee. Tofauti kati ya ripoti yangu na kazi yake haikuwa kwamba yeye alikuwa na karatasi nami nilikuwa na mdomo wa mtu. Yeye aliwauliza. Simulizi kama ile ya Wasuya kuwapindua Washana, wale wahunzi wa Ugweno, haiwezi kuandikwa bila kujiuliza anayesimulia ni wa ukoo ulioshinda au ulioshindwa.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema tuwaamini wazee kwa sababu ni wazee, wala sikubaliani na ile kalamu nyekundu. Kalamu nyekundu ina hatari yake ya pekee. Ukisema chanzo ni karatasi tu, umewapa haki ya kutoa ushahidi wale tu waliokuwa na karatasi. Faili za wakoloni kuhusu Mbiru ziliandikwa na maafisa waliokuwa upande mmoja wa ugomvi. Waliolala Same hawakuwa na taipureta. Mwanafunzi anayetegemea faili peke yake amesikiliza kesi ya mlalamikaji na mlalamikiwa kwa kumwita mmoja.

Upendeleo huu kwa mtu mwenye vitabu haukuanzia kwetu. Ukiwa barabara ya Same kwenda Moshi, siku isiyo na mawingu, Kilimanjaro inakutazama na weupe wake kichwani. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe huo, akaandika kwamba ni theluji. Aliyekuwa akimwongoza njia hakuwa na neno la theluji, akauita weupe ule baridi tu. Taarifa ilipofika Uingereza, msomi mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, aliikataa kabisa. Cooley hakuwahi kufika Afrika Mashariki, ila alikuwa amesoma karibu kila kilichoandikwa juu yake, na alitetea msimamo wake kwa miaka mingi. Ilibidi Karl von der Decken apande sehemu ya mlima mwanzoni mwa miaka ya 1860, na theluji imdondokee, ndipo mabishano yakaanza kuisha. Yule mwongoza njia, kwa neno lake moja la "baridi," alikuwa karibu na ukweli kuliko maktaba nzima ya London.

Lakini tusifurahie sana hadithi hii. Kuna wengine wengi walioona kwa macho na wakakosea, na Cooley hakuwa na kosa kwa kutia shaka. Kutia shaka ni haki yake na ni kazi yake. Kosa lake lilikuwa kwamba shaka yake haikuwa na mahali pa kushindwa. Kila shahidi mpya aliyeleta theluji, yeye alikuwa na sababu ya kumkataa. Anayeuliza kwa haki lazima awe tayari kujibiwa.

Mila zetu za dini nazo zinalijua jambo hili. Wanazuoni wa Kiislamu walijenga elimu nzima ya isnadi, yaani mnyororo wa wasimulizi: huyu alisikia kwa yule, yule kwa fulani, na kila jina linachunguzwa kama mtu huyo alikuwa mkweli, alikuwa na kumbukumbu nzuri, na kama kweli aliweza kukutana na anayedai kumsikia. Hakuna anayesema Imamu Bukhari alimkosea heshima Mtume kwa kuchuja hadithi. Alichuja kwa sababu ya heshima. Na Mkristo wa Suji akifungua Injili ya Luka atakuta mwandishi anaanza kwa kueleza kwamba habari zimetoka kwa walioziona tangu mwanzo, na kwamba yeye mwenyewe amezifuatilia kwa uangalifu. Kwa hiyo mtu asituambie kuuliza "umejuaje?" ni tabia ya kigeni tuliyoletewa na vyuo.

Leo mwanafunzi hahitaji hata kupanda bodaboda. Ana bando, ana simu, na ana programu za akili bandia zinazomwandikia aya nzima pamoja na majina ya vitabu. Tatizo ni kwamba baadhi ya vitabu hivyo havipo duniani. Mwaka 2023, New York, mawakili walipeleka mahakamani hoja zenye kesi za awali walizopewa na ChatGPT. Kesi kadhaa zilikuwa za kubuni, na jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Kilichonigusa katika mkasa huo ni hiki: wakili mmoja alipoanza kuwa na wasiwasi, aliiuliza programu ileile kama kesi hiyo ni ya kweli. Ikamjibu ndiyo. Alimwita shahidi yuleyule athibitishe maneno yake mwenyewe. Nilicheka niliposoma, kisha nikalikumbuka desa langu. Mimi sikuhitaji akili bandia. Nilibuni chanzo kwa mkono.

Kuna mtu atasema: sasa tutahakiki mangapi? Ni swali la haki. Mimi sijui kwa macho yangu nilizaliwa lini, niliambiwa. Sijawahi kumwona Rebmann. Karibu kila ninachokijua nimekipata kwa kumwamini mtu, na anayekataa kuamini chochote mpaka akione atakaa gizani. Ndiyo. Lakini kuamini kuna uzito tofauti. Nikimuuliza mtu njia ya kwenda stendi, nitamwamini na kuondoka. Nikitaka kuandika kwamba mtu fulani alifanya jambo fulani, maandishi yatakayobaki baada ya yeye na mimi kuondoka, hapo nina deni. Deni kwa msomaji atakayeniamini kama mimi nilivyoliamini desa. Na deni kwa yule ninayemnukuu, kwa sababu neno lake likiharibika mikononi mwangu, anayeonekana mwongo ni yeye.

Hili la mwisho ndilo linaloniuma. Babu angefariki kabla sijarudi, ripoti yangu ingebaki kwenye rafu ikisema alikuwepo Same. Siku moja mwanafunzi makini angepiga hesabu ya umri wake na kuhitimisha kwamba yule mzee wa Suji alikuwa mtu wa kujitapa. Nilimfanya mwongo mtu aliyeniambia kweli, na nilifanya hivyo kwa kumstahi.

Kwa hiyo nikiwaona vijana wanaokwenda fildi siku hizi, huwa nawaambia mambo machache tu. Muulize mtu amejuaje, na muulize kwa upole ule ule unaoombea maji ya kunywa. Andika jibu lake pamoja na neno lake. Ukibadilisha "tu" kuwa "a," jua umebadilisha ushahidi. Tafuta mwingine ambaye hakusikia kutoka kwa huyo huyo, maana mitandao kumi iliyonakiliana bado ni shahidi mmoja. Kitabu nacho kiulize vilevile: nani, lini, alimwandikia nani, shamba lake liko wapi. Usitaje ukurasa ambao hujausoma. Na kama kitu umekipata kwenye desa, sema umekipata kwenye desa. Ni aibu ndogo, inapita.

Sentensi yangu nimeiandika upya, ingawa hakuna wa kuisahihisha tena. Sasa inasema: mzee huyu, aliyekuwa mtoto akichunga mbuzi mwaka 1945, alisimuliwa na kaka yake kwamba watu wa Suji walishuka Same na kulala huko. Imekuwa ndefu na haina ule mshindo wa mwanzo. Nilimsomea babu kwa simu ili anipe ruhusa.

"Hapo sawa," akasema. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kuaga. "Ila huyo kaka yangu," akaongeza, "na yeye usimchukue mzimamzima. Alikuwa anapenda kutia chumvi. Nenda kamuulize na mtoto wa yule aliyekwenda naye."

Akanitajia jina na kitongoji. Nimeliandika.